Kitoweo cha Paka: Historia ya Kumchagulia Nyama

Somo la redio kwa watu wazima

Leo tutazungumza habari za mnyama ambaye yumo katika nyumba nyingi, mijini na vijijini, wala hakuletwa na mtu kwa kamba. Mnyama huyo ni paka. Somo letu ni historia ya kitoweo chake: wanadamu wamempa nyama gani, kwa sababu gani, na yapi yaliyompata baada ya kuila.

Huenda ukacheka ukasema, "Paka naye ana historia ya kitoweo? Si hutupiwa kichwa cha samaki, na mengine akajitafutia mwenyewe?" Ni kweli, na maneno hayo, "akajitafutia mwenyewe", ndiyo yenye siri ya somo letu lote. Siku hizi wako watu wengi, hasa katika miji ya Ulaya na Marekani, na wengine katika miji yetu, ambao hufuga paka ndani ya nyumba asitoke kuwinda kabisa. Baadhi yao wameamua kumlisha nyama mbichi tu, kwa kuwa ndicho chakula chake cha asili. Basi huuliza: Nimpe nyama gani? Ya ng'ombe, ya kuku, ya sungura, au samaki? Na nikiibadilisha kila juma, je, yatosha?

Swali hilo ni jepesi kuuliza. Lakini majibu yake yaligharimu macho, mifupa na mioyo ya paka wengi, na wataalamu walihitaji karibu miaka 100 kuyapata. Ukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua utaona ya kuwa kubadilisha nyama ni jambo moja, na kuikamilisha nyama ni jambo jingine. Ukishika hilo, umeshika somo.

Mwindaji aliyejileta mwenyewe

Paka wa nyumbani ametokana na paka wa mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, yule ambaye kwa Kiswahili huitwa kimburu, na wataalamu humwita Felis lybica. Hata leo yuko katika nyika za Afrika Mashariki. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walieleza habari za kaburi walilofukua katika kisiwa cha Kupro, lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Ndani yake alizikwa mtu, na karibu naye alizikwa paka. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo paka yule, au wazazi wake, walivushwa bahari na watu.

Kwa nini paka akawakaribia watu? Watu walianza kulima na kuweka nafaka ghalani. Panya wakaifuata nafaka, na paka akawafuata panya. Hakuja kuomba chakula jikoni, alikuja kuwinda. Kwa maelfu ya miaka watu hawakuwa na haja ya kumfikiria chakula chake, maana kazi aliyotakiwa kuifanya ndiyo iliyomlisha.

Sasa mtazame paka anavyomla panya. Hali mnofu peke yake. Hutafuna kichwa, mifupa, moyo na ini, pamoja na damu na ngozi. Pengine huacha utumbo tu. Panya mmoja ni chakula kilichokamilika. Mnofu wake una protini ya kujenga mwili. Mifupa ina kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Ini lina vitamini A. Na mafuta yake humpa nguvu. Leo paka hula panya, kesho ndege, keshokutwa mjusi.

Mwili wa paka umezoea kuvikuta vitu vingi vikiwa vimekwisha tengenezwa katika mwili wa mnyama mwingine. Mwili wa mtu waweza kutengeneza vitamini A kutokana na mchicha na karoti; mwili wa paka hauwezi. Ngozi ya mtu hutengeneza vitamini D ikipata jua. Ya paka haitengenezi ya kumtosha. Kama hakivikuta vitu hivyo katika kitoweo, hana pengine pa kuvipata. Hayo twayajua leo. Zamani hayakujulikana, nayo yaligunduliwa kwa njia ya uchungu.

Mwuza nyama wa London

Twende London, Uingereza, katika karne ya 19. Mji ulikuwa mkubwa sana, na mizigo mingi na abiria wengi walivutwa na farasi. Farasi walipozeeka au kuvunjika miguu walipelekwa kwenye machinjio yao maalumu. Ngozi iliuzwa, mifupa iliuzwa, na nyama ilichemshwa katika masufuria makubwa. Nyama hiyo haikuwa ya watu. Ilikuwa ya paka na mbwa.

Wachuuzi waliinunua kwa jumla, wakaikata vipande vidogo, wakavitunga kwenye vijiti kama mishikaki, wakapita navyo mitaani wakinadi. Mwandishi Henry Mayhew aliwaeleza wachuuzi hao katika kitabu chake cha mwaka 1851 juu ya maisha ya maskini wa London. Kila mchuuzi alikuwa na njia yake na wateja wake, na paka waliijua sauti yake wakamngoja mlangoni. Biashara hii iliendelea hadi karne ya 20, magari yalipochukua nafasi ya farasi.

Tazama vizuri jambo hili. Nyama ilikuwa moja tu, ya farasi, tena imechemshwa na haina mfupa. Kwa ujuzi wetu wa leo twasema hicho ni chakula chenye upungufu mkubwa. Mbona basi paka wa London hawakuisha? Jibu lake la maana ni kwamba paka wale walikuwa bado huru. Nyama ya kijitini ilikuwa nyongeza tu. Usiku walipanda mapaa na kuingia maghala, na panya wa London hawakuwa haba. Mwenye nyumba alidhani anamlisha paka wake, kumbe alikuwa akimwongezea tu.

Watoto wa simba wa mwaka 1889

Ilikuwaje basi kwa mnyama wa jamii ya paka ambaye hawezi kutoka nje? Jibu lilipatikana katika mji ule ule wa London, katika bustani ya wanyama. Simba walizaa pale, lakini watoto wao walikufa, uzao baada ya uzao. Mifupa yao ililainika na miguu ikapinda, wakashindwa kusimama. Ulikuwa ugonjwa wa matege, ambao siku zile uliwapata pia watoto wengi wa maskini katika miji yenye moshi ya Ulaya.

Mwaka 1889 daktari mpasuaji, John Bland-Sutton, alipelekewa shauri hilo. Akauliza watoto hao wanakula nini. Akajibiwa: nyama ya farasi. Ilikuwa nyama ya farasi wazee, kavu, isiyo na mafuta, na mifupa yake ilikuwa migumu mno kwa meno ya watoto. Bland-Sutton akaagiza wapewe mifupa ya mbuzi iliyopondwa, pamoja na maziwa na mafuta ya maini ya samaki. Nyama ya farasi haikuondolewa. Baada ya miezi mitatu dalili za matege zilikuwa zimetoweka, na watoto wale wakakua.

Yafaa tutulie hapa kidogo. Vitamini D ilikuwa haijajulikana. Ilikuja kutambuliwa mwaka 1922. Bland-Sutton hakuwa na jina la kitu kilichopungua. Alichokiona ni kwamba simba wa porini hali mnofu mtupu, bali humla mnyama. Na angaliwabadilishia tu nyama, leo farasi, kesho ng'ombe, keshokutwa kondoo, yote minofu bila mfupa wala mafuta, watoto wale wangalikufa vile vile.

Paka wa Pottenger

Sasa tuvuke bahari twende California, Marekani. Kati ya mwaka 1932 na 1942 daktari mmoja, Francis Pottenger, alifuga paka kwa ajili ya majaribio ya dawa. Aliwalisha maziwa, mafuta ya maini ya samaki na mabaki ya nyama iliyopikwa kutoka jikoni kwa wagonjwa wake. Paka wake walikuwa dhaifu. Idadi yao ilipozidi, mabaki ya jikoni hayakutosha, akaagiza mabaki mabichi kutoka machinjioni: minofu, nyama za ndani na mifupa. Paka waliopewa mabaki haya mabichi walionekana wenye afya kuliko wenzao.

Pottenger akayafanya majaribio rasmi. Katika miaka ile kumi aliangalia paka wapatao 900. Wale wa nyama mbichi walizaa vizuri. Wale wa nyama iliyopikwa walidhoofika kizazi baada ya kizazi: meno mabaya, mifupa dhaifu, mimba kuharibika, hata uzao ukakatika. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1946.

Watu wengi wanaopenda kulisha nyama mbichi hutaja majaribio haya mpaka leo, na husema, "Mmeona? Moto ndio adui." Lakini wewe msikilizaji, sikiliza kwa makini kama hakimu. Je, tofauti ilikuwa moto peke yake? Pottenger hakupima kila kirutubisho kilichokuwamo katika vyakula vile. Nyama ikichemshwa, vitu vingine huyeyuka katika mchuzi, na mchuzi ukimwagwa vimekwenda. Basi majaribio yalionyesha wazi ya kuwa nyama ile iliyopikwa haikuwatosha paka. Kwa nini haikutosha, hayakuonyesha. Kitu kimoja kikubwa kilichopungua kilikuja kujulikana miaka 30 baadaye, nasi tutakifikia sasa hivi.

Kila kitoweo na ugonjwa wake

Katika miaka ya 1940 hadi 1960 wataalamu wa nchi mbalimbali waliona kwamba paka aliyelishwa kitu kimoja tu hupatwa na ugonjwa wa kitu kile. Nitakutajia minne.

Kwanza, samaki mbichi. Mwaka 1932, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mbweha wa kufugwa walipooza na kufa katika shamba la bwana mmoja, Chastek, nao walikuwa wakilishwa samaki wabichi. Iligunduliwa kwamba samaki wa namna fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mwaka 1944 ilithibitishwa ya kuwa paka naye hupatwa vivyo hivyo. Hukataa chakula, huyumba, kichwa kikainama, kisha hupata kifafa. Kimeng'enya hicho hufa kwa moto. Hapo twaona ya kuwa kupika, ambako Pottenger alikushuku, kwa samaki huwa ni kinga.

Pili, jodari. Katika miaka ya 1950 paka waliolishwa jodari wengi wa makopo, hasa nyama yake nyekundu, walipata ugonjwa wa mafuta ya mwilini kuwa ya manjano na kuuma, hata wasitake kuguswa. Mwaka 1954 ilionyeshwa huko California kwamba vitamini E huzuia ugonjwa huo. Mafuta ya samaki yalikuwa mengi, na vitamini ya kuyalinda ilikuwa haba.

Tatu, mnofu mtupu. Huko London, Bibi Patricia Scott na wenzake walichunguza paka wadogo waliolishwa nyama tupu, na mwaka 1961 wakaeleza upungufu wa kalsiamu na wa iodini. Mnofu una fosforasi mara 15 hadi 20 kuliko kalsiamu, hali mwili huvitaka viwili hivyo karibu sawa. Kalsiamu ikikosekana katika chakula, mwili huikopa katika mifupa yake wenyewe. Paka mdogo huonekana mnene na mwenye manyoya mazuri. Kisha siku moja huruka kutoka kitini, na mguu ukavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Nne, maini. Paka hupenda maini kupita kiasi, na mwenyewe hufurahi kumwona akila. Lakini vitamini A ya ini haitoki mwilini upesi, hujilundika. Katika miaka ya 1960 A. A. Seawright na wenzake huko Australia walieleza habari za paka waliolishwa maini kila siku kwa muda mrefu. Mifupa ya shingo yao iliota vinundu ikashikamana, hata paka asiweze kugeuza kichwa wala kujilamba. Kitu kile kile ambacho akikikosa hudhurika, akikizidisha humlemaza.

Hapa ndipo hoja ya kubadilisha nyama ilipopata nguvu. Ukizungusha nyama mbalimbali, sumu ya wingi haipati nafasi ya kujilundika, na upungufu wa nyama moja huzibwa na nyama nyingine. Tena paka aliyezoea kitoweo kimoja tangu utoto hukataa kingine chochote, na siku kitoweo hicho kikikosekana sokoni, mwenyewe yumo taabuni. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini, kama tutakavyoona, ina mpaka wake.

Jicho na moyo

Mwaka 1827 wanakemia wawili wa Ujerumani, Tiedemann na Gmelin, walipata katika nyongo ya ng'ombe dume kitu ambacho baadaye kiliitwa taurini, kwa jina la Kilatini la ng'ombe dume. Kwa miaka karibu 150 hakuna aliyedhani ya kuwa paka ana shida nacho. Mbwa hujitengenezea taurini mwilini kutokana na protini nyingine. Paka hutengeneza kidogo mno, na huku huipoteza kila siku katika nyongo yake.

Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake huko Marekani walitangaza ya kuwa paka waliolishwa protini ya maziwa bila taurini waliharibika macho, katika kiwambo cha nyuma kipokeacho mwanga. Hawakuwa na kidonda wala usaha. Jicho lilikuwa zuri kwa kutazamwa, lakini lilikuwa likififia. Halafu mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza jambo kubwa zaidi. Paka wengi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo, ambao misuli ya moyo hulegea na moyo kutanuka. Pion alipima damu yao akakuta taurini haba. Walipopewa taurini, mioyo iliyokuwa ikidhaniwa haiponi ikapona. Paka wale walikuwa wakila vyakula vya dukani vilivyosemwa kuwa kamili. Baada ya hapo viwanda viliongeza taurini, na ugonjwa huo ukapungua sana.

Sasa twaweza kurudi kwa paka wa Pottenger. Taurini huyeyuka katika maji ya kuchemshia. Wataalamu wengi leo wanaona kwamba kukosa taurini ni sababu mojawapo kubwa ya paka wale wa nyama iliyopikwa kudhoofika.

Je, basi nyama mbichi ya mnyama mzima humaliza shauri? Chuo kile kile cha Davis kilijaribu. Katika taarifa ya mwaka 2002 walieleza paka wadogo waliolishwa sungura mzima, mbichi, aliyesagwa pamoja na mifupa na nyama za ndani. Kwa macho paka wale walipendeza, na choo chao kilikuwa kizuri kuliko cha wenzao wa chakula cha dukani. Baada ya miezi 10 mmoja akafa ghafla. Moyo wake ulikuwa umelegea kwa kukosa taurini, na wengi wa waliosalia walikuwa na dalili hizo hizo. Nyama ya sungura ina taurini haba, na kusaga na kuweka huipunguza zaidi.

Ndugu yangu, tafakari habari hii. Watu wale hawakuwa wazembe. Walitoa mnyama mzima, mbichi, na mfupa wake. Kosa lilikuwa katika kumtegemea mnyama mmoja tu. Simba wa London walihitaji mfupa na mafuta, wala kubadilisha minofu kusingaliwaokoa. Paka wa Davis walikuwa na mfupa na nyama za ndani, nao walihitaji taurini, ambayo nyama nyingine ingaliwaletea. Kwa hiyo paka anahitaji yote mawili: nyama iliyokamilika, na nyama inayobadilishwa.

Hatari iliyomo katika ubichi

Kuna upande mwingine ambao haifai kuuficha. Nyama mbichi huja na vijidudu vyake, na uchaguzi wa nyama ni pia uchaguzi wa hatari.

Mwaka 1990, katika mji wa Bristol, Uingereza, paka mmoja aliyumba akafa, akaonekana ana ugonjwa wa ubongo wa namna ile iliyowapata ng'ombe wa nchi hiyo tangu mwaka 1986. Baadaye karibu paka 90 walitambuliwa huko. Ugonjwa huo haukutokana na ubichi tu, maana hata kupika hakuuondoi. Ulitokana na kulishwa sehemu za ng'ombe wagonjwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2004, katika bustani moja ya chui milia nchini Thailand, wanyama hao walilishwa mizoga mibichi ya kuku wenye homa ya ndege. 147 kati ya 441 walikufa au waliuawa ili kuzuia maambukizo. Mwaka 2018 na 2019 paka wa ndani huko Uingereza walipata kifua kikuu cha ng'ombe, na chanzo kikadhaniwa kuwa chakula kibichi cha nyama ya paa. Na Desemba mwaka 2024, katika jimbo la Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa homa ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha nyama ya bata mzinga kilichogandishwa. Barafu haikukiua kirusi kile.

Wala si paka peke yake. Salmonela katika kuku mbichi hubaki kwenye ubao, kisu na sahani. Na paka akila nyama mbichi yenye vijidudu vya toksoplasma huvitoa katika choo chake, navyo humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Kwa sababu hiyo madaktari wengi wa mifugo hushauri nyama ya paka ipikwe, au apewe chakula kilichotengenezwa kikamilifu. Anayeamua kulisha mbichi, na ajue anachokichukua.

Basi tufanye nini?

Ikiwa paka wako yu huru na huwinda, yeye mwenyewe huikamilisha sehemu kubwa ya chakula chake. Mabaki yako ni nyongeza, kama mshikaki wa London. Usimpe tu mabaki yenye vitunguu, maana vitunguu huharibu damu yake, wala mifupa iliyopikwa, maana hupasuka vibanzi vyenye ncha.

Ikiwa umemfungia ndani, na wewe ndiwe panya wake na ndege wake, shika mambo haya.

Moja: anza na ukamilifu. Watu wanaolisha nyama mbichi hutumia kipimo cha kukadiria: sehemu 80 kwa mia mnofu pamoja na moyo, sehemu 10 mfupa wa kutafunika, na sehemu 10 nyama za ndani, nusu yake ini. Hicho ni kipimo cha mkono, wala si cha maabara. Hakihakikishi iodini, vitamini E wala taurini. Mwonyeshe daktari wa mifugo orodha ya chakula chako kabla ya kuitegemea, hasa kwa paka mdogo au mwenye mimba.

Mbili: zungusha nyama kwa akili. Mapaja ya kuku na moyo wa ng'ombe au wa kuku vina taurini nyingi kuliko kidari cha kuku au sungura. Mbuzi na ng'ombe huleta madini ya chuma na zinki. Sungura na awe mgeni, asiwe mwenyeji. Ini na liwe kidogo, lisiwe kitoweo cha kila siku. Samaki apikwe, tena mara chache. Nguruwe mbichi asitumiwe kabisa, kwa kuwa katika nchi zenye ugonjwa wa Aujeszky virusi vyake humwua paka kwa siku chache. Na palipo na habari za homa ya ndege, kuku na bata wapikwe.

Tatu: badilisha polepole. Nyama mpya ichanganywe kidogo kidogo katika ile ya zamani kwa muda wa siku 7 hadi 10. Usimshindishe paka njaa ili akubali. Paka asiyekula siku chache tu, hasa aliye mnene, huweza kupata ugonjwa wa ini ukamwua.

Nne: nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, wala usinunue ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Osha mikono, kisu na sahani kwa sabuni. Baridi kali ya friza kwa siku kadhaa huua toksoplasma nyingi, lakini haiui salmonela wala homa ya ndege. Mama mjamzito asiguse nyama ile wala choo cha paka.

Wazee husema paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi. Hayo ni maneno ya siku ambazo mlango ulikuwa wazi na ghala lina panya. Siku tulipofunga mlango tulimnyima paka soko lake, nasi tukajitwisha kazi ambayo yeye aliifanya bila kusoma kitabu. Akikosea mwenye nyumba, paka hawezi kumwambia. Moyo wake hulegea kimya kimya huku manyoya yakimetameta.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini paka wa London waliolishwa nyama ya farasi peke yake waliendelea kuishi, na watoto wa simba katika mji ule ule wakafa?

2. Mtu asema, "Mimi humpa paka wangu mnofu wa ng'ombe Jumatatu, wa mbuzi Jumanne na wa kuku Jumatano; kwa hiyo hana upungufu." Mjibuni.

3. Majaribio ya Pottenger yalithibitisha nini, na hayakuthibitisha nini?

4. Katika nyumba zenu, paka hupata wapi mfupa, ini na taurini? Je, yuko mtu anayejua?